Sahihi ya Mzee Swaran

Machi 18
Mvua imeanza leo saa nane mchana, na sikuifurahia. Barabara yetu ya Gatongora ikishageuka tope, hakuna mteja anayekumbuka kwamba saiba yangu, hiki kiduka cha kompyuta, ipo. Aliyekuja ni Maitu, mama yangu, peke yake, ametoka shambani Theta na gambuti zake za tope, akaketi, akafungua leso, kisha mfuko wa nailoni, kisha gazeti, na ndani ya gazeti kulikuwa na CD.

"Hii ndiyo cheti ya shamba," akasema. "Baba yako alisema nisiguze. Sijaguza."

Miaka kumi na sita hajaigusa. Naandika haya kwa sababu wakili wetu, Bwana Oluoch, amesema tuweke kumbukumbu ya kila hatua, na pia kwa sababu sina mtu wa kumwambia ninavyoogopa. Mwaka 2009 kampuni yetu ya kununua mashamba ilipiga kura ya ploti kule Theta. Baba aliokota karatasi namba 114, robo ekari. Mpima ardhi, Mzee Swaran wa Thika, akampa kila mwanachama CD yenye ramani, majina, alama za vidole, na picha ya kila mtu akiwa amesimama kwenye pembe ya ploti yake. Baba alifariki 2016. Daftari la kampuni liliungua pamoja na ofisi. Sasa Kagwe, aliyekuwa mwenyekiti wetu, ana hati ya 114 kwa jina lake na anataka Maitu aondoke. Kesi ni Juni 12, Thika. Oluoch anasema mbali na CD hii hatuna kitu.

Nikamwambia Maitu asijali, nitaifungua kesho asubuhi. Mimi na mdomo wangu.

Machi 19
Haikufunguka.

Machi 22
Bado. Nimeshaelewa shida, ingawa kuielewa hakujanisaidia. Ramani haikuwekwa kama picha ya kawaida. Imefungiwa ndani ya apleti, yaani programu ndogo ya Java inayoendeshwa na brauza. Enzi zile kila brauza iliziendesha. Siku hizi hakuna hata moja inayozitaka: unafungua ukurasa, unaona boksi la kijivu, basi. Nikatafuta brauza ya kale, nikaweka Java, nikaambiwa mipangilio ya usalama imezuia programu iliyo ndani ya mashine hii. Kinachoniudhi ni kwamba kama ingekuwa imetoka kwenye mtandao, kwa mtu nisiyemjua, ingekuwa na nafasi nzuri zaidi. Hii inakataliwa kwa sababu imetoka kwenye folda yangu mwenyewe.

Kitu kimoja kimefaulu. Nimenakili CD yote kwenye kompyuta bila kosa hata moja, na hilo limenivimbisha kichwa.

Ndugu yangu Githae akapiga simu. "Si upeleke tu vile iko? Yule binti ya Swaran ako na duka ya vitambaa hapo Thika. Muulize yeye."

Sikumjibu vizuri. Githae anachoma mahindi Witeithie, na sijawahi kumwona akimaliza jambo alilolianza. Nina miaka saba kwenye kazi hii. Siwezi kufundishwa kompyuta na mtu wa jiko la makaa.

Machi 30
Mvua. Boksi la kijivu.

Aprili 4
Nimekwenda Thika kwa Kyengo, anayeuza kompyuta kuukuu. Alinichimbulia moja kutoka chini ya nyingine, nzito kama jiwe la kusagia.

"Madam, hii ni ya museum," akaniambia. "Unaenda kufanya nayo nini?"

"Kufungua shamba," nikasema. Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaibeba kwenye mvua nikiwa nimeifunika kwa koti langu.

Aprili 9
Mashine ya Kyengo ina Java ambayo bado inakubali kubembelezwa. Nimeshusha kiwango cha ulinzi. Nimeiandika folda yangu kwenye orodha ya mahali panaporuhusiwa. Apleti ikainuka, nikaona kichwa cha ramani kwa muda wa kupepesa jicho, halafu ikazima.

Sababu ni mbili. Apleti hii imetiwa sahihi na Mzee Swaran, si kwa kalamu bali ile sahihi ya kompyuta, na cheti cha sahihi hiyo kiliisha muda 2011. Bila sahihi inayokubalika haipewi ruhusa ya kusoma faili ya ramani iliyo kando yake. Pili, Java hii, iliyotoka baada ya CD yetu, inataka mstari mmoja wa maneno ndani ya apleti, wa kuomba ruhusa, na wakati Mzee Swaran anaitengeneza mstari huo haukuwa unatakiwa na mtu yeyote. Kwa hiyo tumenyimwa kwa kukosa kitu ambacho hakikuwepo.

Nimelia kidogo, nikafunga duka.

Aprili 18
Ijumaa Kuu. Baada ya kanisa Maitu akaniuliza, "Imefunguka?"

"Bado."

"Ama imekufa?"

Nikamwambia CD hazifi. Ameshapanda mahindi kwenye ploti 114 kama kila mwaka, na yameota. Kagwe amepiga kigingi cha chuma katikati ya mistari, na Maitu analima akikizunguka.

Aprili 22
Mvua. Hakuna stima, mashine haziwaki.

Aprili 26
Imefunguka.

Nieleze nilivyofanya, maana najivunia. Niliufungua mkoba wa apleti, yaani faili inayobeba programu yote, nikauongeza ule mstari unaotakiwa. Mara moja Java ikasema sahihi hailingani tena na kilichomo. Ni sawa, kwa sababu nimebadilisha kilichomo. Basi nikaifuta sahihi ya Mzee Swaran, ambayo hata hivyo ilikwisha muda, nikatengeneza yangu, "Ngina Saiba, Gatongora", nikaitia. Sikufikiria mara mbili. Ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mtu analeta cheti cha kuzaliwa chenye doa la chai na pembe iliyoliwa na panya, nakiskani, nakinyoosha, nafuta doa, naprinti, anatoka akitabasamu. Kwenye saiba kitu kikionekana vizuri kwenye skrini, kazi imeisha.

Saa tano asubuhi boksi la kijivu likajaa rangi. Theta yote ilikuwa pale, ploti kwa ploti, kabla ya hizi fleti kujengwa. Nikabonyeza 114. Ikatoka alama ya kidole gumba, kisha Baba, ameshika fimbo ya mpima ardhi kama mtu aliyepewa bunduki asiyojua kuitumia, suruali imeingizwa kwenye soksi, anacheka. Sijawahi kuiona picha hiyo. Nilikaa nayo mpaka mteja akagonga kaunta akiuliza kama nimelala.

Aprili 27
Maitu amekuja kumwona. Alisimama, hakutaka kiti.

"Hiyo sweta ni mimi nilifuma," akasema. Kisha akaweka kidole chake juu ya alama ya kidole cha Baba kwenye skrini, akakiacha hapo. "Sasa Kagwe ataongea nini?"

"Hana la kuongea, Maitu."

Nikampigia Githae kumpa habari. "Poa sana," akasema. "Na ile CD yenyewe, iko tu safe?" Nikamwambia aangalie mahindi yake yasiungue.

Mei 5
CD ilikuwa imeandikwa kwa kalamu tu, mwandiko wa Mzee Swaran, na wino umefifia. Haifai kuonekana mbele ya hakimu hivyo. Nimeprinti stika ya duara, RAMANI YA THETA, PLOTI 114, na jina kamili la Maitu, nikaibandika vizuri bila kiputo hata kimoja. Inapendeza.

Mei 13
Oluoch amepiga simu. Kagwe analeta mtaalamu wake wa kompyuta. "Kwa hivyo Ngina, nataka unionyeshe mahali Swaran ali-sign. Ukiiclick inasema ni nani, na lini. That is the whole case."

Niliuliza kama ramani yenyewe haitoshi. "Ramani ni mchoro," akasema.

Nimebonyeza alama ya kufuli; jina lililo pale ni langu. Kesho kutwa naenda kwa binti ya Swaran.

Mei 15
Anaitwa Riya. Nilimdhania mtu wa kuringa, kwa vile miaka yote hii nimepita mbele ya duka lake bila kuitwa niingie. Alinipa kiti na chai ya tangawizi kabla hajaniuliza shida yangu. Mzee Swaran yuko hai, ghorofani. Alipatwa na kiharusi 2019, anasikia, hasemi. Kompyuta yake iliuzwa kwa mtu wa chuma chakavu, na makaratasi yake yaliharibiwa na maji.

"Ramani mtu yeyote anaweza kuchora," Riya akasema. "Hata Kagwe. Papa alijua watu watakuja kupigana. Ndiyo maana aliweka sign. Mtu akibadilisha hata herufi moja, inajulikana." Kisha akaniangalia. "Wewe hukubadilisha kitu, si ndiyo?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Alisema atakuja mahakamani aitambue sahihi ya baba yake, na mimi nikamshukuru kwa mikono miwili.

Kwenye kompyuta sahihi ya Mzee Swaran haikubaki. Nilipotia sahihi yangu faili mpya ilihifadhiwa juu ya ile ya zamani, na sikuwa nimeweka nakala nyingine, kosa ambalo ningemfokea mtu yeyote kwalo. Lakini CD ipo, nikajiambia njia nzima hadi Ruiru kwetu. CD ipo.

Nimeiingiza. Ilinguruma, ikatetemeka, haikusomeka. Ni ile stika. Unyevu wa mvua umeivimbisha upande mmoja, inaizungusha kombo. Nikaishika ukingo kwa ukucha nikaanza kuibandua polepole, na ile rangi ya fedha inayobeba kila kitu ikaja nayo. Si kidogo. Ilikuja yote, kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Mkono mmoja ulibaki na stika nzuri yenye jina la mama yangu, na mwingine na kipande cha plastiki ninachoweza kuona vidole vyangu upande wa pili.

Mei 16
Sijamwambia Maitu.

Mei 17
Mvua. Sijamwambia.

Mei 19
Nimemwambia Githae. Nilimfuata Witeithie, nikamwambia nikiwa nimesimama kando ya jiko lake ili kama ni matusi yaishie barabarani. Aligeuza mahindi mawili kabla ya kusema kitu.

"Hiyo imeenda," akasema. "Lakini si kila mtu alipewa yake? Twende tutafute za wengine."

Hakunikumbusha kwamba aliniambia Machi niipeleke vile ilivyo. Namsubiri anikumbushe.

Mei 24
Theta, siku nzima, matope hadi magotini. Sikujua ilivyo kazi kutafuta kitu ambacho kila mtu anacho. CD za Mzee Swaran ziko kila mahali. Zinaning'inia kwenye kamba katikati ya mahindi na maharagwe, mbili mbili na tatu tatu, zinazunguka kwenye upepo kufukuza ndege. Watu waliambiwa ni cheti, hawakuwa na mashine ya kuifungulia, na ndege walikuwa wanakula. Ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo. Ni Maitu tu aliyetii.

Githae anaingia kwa kila boma, anaanza na habari za mvua, anauliza ya watoto, anaomba CD kama mtu anayeomba mbegu. Kwa mzee mmoja alilima mistari miwili kwanza. Mimi ningebisha mlango na kuuliza mara moja, na tungefukuzwa kwenye boma la pili. Tumerudi na kumi na moja. Zimekwaruzwa na majani ya mahindi na kuchomwa na jua. Hakuna inayosomeka.

Mei 27
Githae ameleta nne. Hakuna.

Mei 29
Tatu. Hakuna. Jiko lake limekaa baridi wiki nzima na hajalitaja.

Juni 2
Ameleta moja iliyokuwa ndani ya nyumba, kwenye ukuta wa mama mmoja aliyeipendea mng'aro. Ikasomeka. Nikaona folda, nikaona majina ya faili, nikaanza kunakili apleti. Ikafika asilimia sitini na moja. Githae alikuwa amenishika bega. Ikakaa hapo dakika arobaini, kisha kompyuta ya Kyengo ikasema haiwezi. Nimejaribu mara tisa. Kila mara ni sitini na moja.

Githae akasema, "Mwambie Maitu."

Nikasema nitamwambia.

Juni 3
Sijamwambia.

Juni 8
Nimerudi Thika kumwambia Riya ukweli.

"Nilijua," akasema. "Ulijibu haraka sana."

Alinipeleka ghorofani. Mzee Swaran amekaa karibu na dirisha, kilemba kimefungwa safi kabisa. Riya akamweleza taratibu, kwa lugha yao, na nikasikia jina la Theta likipita katikati. Mzee aliniangalia muda mrefu. Mkono wake wa kulia ndio uliokufa. Riya anasema bado atakuja, maana ameahidi, lakini hatasema uongo. Nikamwambia sikuja kumwomba uongo. Sina hakika kama hilo nalo ni kweli.

Juni 11
Jua limewaka siku nzima, la kwanza kwa muda mrefu. Maitu amefua gauni lake la kanisani na kulianika. Ameniuliza kama hakimu ataona picha ya Baba kwa skrini kubwa au ile ndogo. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Nilifungua mdomo, nikasema ndogo.

Juni 12
Nitaandika yote, hata nisiyoyataka.

Maitu alikaa mbele, mkoba mapajani. Kwa sababu hasikii Kiswahili cha mahakamani wala Kiingereza vizuri, karani alikaa kando yake akimtafsiria kwa Kikuyu. Nilifungua mashine ya Kyengo, apleti ikainuka, Baba akatokea na fimbo yake. Hata hakimu aliinama mbele kidogo. Maitu akatabasamu kwa wote, kama mwenye nyumba.

Kisha mtaalamu wa Kagwe, kijana mpole sana, akaomba kubonyeza alama ya kufuli. Akasoma kwa sauti: imetiwa sahihi na Ngina Saiba, Gatongora, Aprili 26, mwaka huu.

Wakili wao akanigeukia. "Ngina ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu mama ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

"Na sahihi ya mpima ardhi iko wapi?"

"Niliifuta."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira ya wakili na kwa macho ya hakimu. Sikuwa nimejitayarisha kwa karani. Anatafsiri sentensi moja nyuma, kwa hiyo nilikuwa nimeshamaliza kujibu ndipo nikasikia maneno yangu yakimfikia Maitu kwa lugha aliyonilea nayo, kwa sauti ya chini, ya adabu. Kwamba ni binti yake. Kwamba aliifuta. Alimwomba karani arudie. Akarudia.

Riya aliitwa. Akasema anaijua kazi ya baba yake, na ramani hii inafanana nayo. Akaulizwa kama sahihi iliyopo ni ya baba yake. Akasema hapana. Oluoch, niliyemwambia ukweli asubuhi ile mlangoni, alieleza habari ya mstari, cheti kilichoisha na CD iliyobanduka, vizuri tu, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyosikika mtu anayejua hasa jinsi ya kughushi.

Nje nilimwambia Maitu anisamehe. Aliuliza kama Githae amekula.

Juni 14
Hajanisemesha juu ya kesi. Si kwamba amenuna; ananipa chai, ananiambia nivae sweta. Hasemi lingine.

Juni 20
Nimemwuliza kama anataka nimprintie ile picha ya Baba, kubwa, niitie fremu.

"Hapana," akasema. "Hiyo sasa ni yako. Iko na jina yako."

Alisema bila ukali wowote. Nimejaribu siku nzima kusikia ukali ndani yake, nikakosa.

Julai 3
Uamuzi. Hakimu amesema hawezi kutegemea ramani ambayo binti wa mwenye kesi ameifungua na kuifunga mwenyewe, na kwamba hati iliyopo ni ya Kagwe. Maitu avune kilichopo, aondoke kabla ya Agosti kuisha. Oluoch ametaja rufaa kwa sauti ya mtu anayetaja dawa ambayo haipo hospitalini. Githae amerudi kwenye jiko lake. Mpaka leo hajanikumbusha.

Julai 19
Mvua imekwisha kabisa. Ni baridi na mawingu, na jua la kuazima mchana. Nimekwenda Theta kumsaidia Maitu kuvuna maharagwe. Mahindi yameanza kukauka, na ndege wameyavamia.

"Umebeba ile CD?" akaniuliza.

Huwa iko mkobani mwangu. Sijui kuitupa. Aliipokea, akaigeuza, akapitisha kamba ya katani kwenye tundu lake, akaenda nayo hadi pembeni, kwenye kigingi cha kona cha mpima ardhi, pale Baba aliposimama kwenye picha. Akasimamisha fimbo, akaifunga juu yake. Alifunga mafundo matatu.

Upepo ukaizungusha. Haikumetameta. Mwanga ulipita ndani yake ukatokea upande wa pili, na ndege wawili wakatua kwenye hindi lililo chini yake hasa, wakaanza kula.

Nilipiga makofi niwafukuze.

"Waache," Maitu akasema, akirudi kwenye mstari wake. "Ya mwaka huu bado ni yetu. Waache wakule."